Kirusi Iko na "Mimi" Nne: Somo la Msee wa Eastlands Anayeanza Lugha ya Moscow

Sentensi ya kwanza yenye kila mtu hufunzwa akianza Kirusi ni hii: Меня зовут. Inasomwa "menya zovut", alafu unaongeza jina yako. Ukiibonga haraka inaskika "minya zavut", lakini hapa nitaandika vile herufi ziko. Menya zovut Kevo. Menya zovut Achi. Wengi watakwambia maana yake ni "jina langu ni". Hapo ndio shida inaanza, juu sentensi haijasema hivyo. Hakuna "jina" hapo ndani, wala "langu". Zovut ni "wanaita". Menya ni "mimi", lakini ile mimi yenye inafanyiwa kitu na watu wengine. Shikanisha: wananiita.

Wananiita Kevo. Si ndio vile msee hujitambulisha akifika base mpya? "Mtaani wananiita Kevo." Mtu amesomea Kirusi kwa Kiingereza anaumiza kichwa mbona "I" imekuwa kitu ingine. Wewe wa Umoja ama Kayole umekuwa ukiongea hivyo tangu nasari.

Na mbona tunabonga Kirusi hapa Eastlands? Juu Urusi imekuwa story ya mtaa, na iko na njia mbili. Ya kwanza ni ya kitambo. Miaka ya 1960, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa anasukuma vijana wa Kenya waende kusoma Muungano wa Kisovieti. Moscow kulifunguliwa chuo 1960 cha wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba. Jina likatolewa 1992, likarudishwa 2023. Mpaka leo serikali ya Urusi inatoa ufadhili, na mgeni asiyejua lugha kawaida anapigwa mwaka mzima wa Kirusi kwanza, wanaita podfak, kabla aguse udaktari ama uinjinia.

Njia ya pili ndio ngori. Septemba 2025, makachero wa DCI walitoa watu zaidi ya 20 kwa nyumba moja Athi River, walikuwa wanangoja kusafirishwa Urusi wakiamini ni kazi. Novemba mwaka huo huo, Musalia Mudavadi akasema Wakenya zaidi ya 200 wanaaminika wako kwa vita ya Ukraine upande wa Urusi. Madem nao walivutwa na matangazo ya Alabuga, kule Tatarstan, wakiambiwa ni masomo na kazi, kumbe wengine walijipata wanaunda droni za kijeshi. Shirika la habari la AP lilianika hiyo maneno 2024. Na kati ya wale wameongea na waandishi wa habari, kitu kimoja kinajirudia: waliwekewa karatasi za Kirusi mbele, wakasaini bila kujua zimesema nini.

Wacha niseme mapema: kujua menya na mnye hakutakufanya wakili. Karatasi ya Kirusi ikiwekwa mbele yako, tafuta mtafsiri wako mwenyewe, sio wa ajenti. Lakini kama uko na mpango na hiyo nchi, iwe ni chuo ama kitu ingine, kitu ya kwanza ya kushika ni nani anamfanyia nani nini. Na Kirusi inaficha hiyo jibu kwa vile neno limekatwa mwisho.

Wanaita hiyo mambo kesi. Si ile ya Makadara. Kesi ya lugha ni sura yenye neno linavaa kulingana na kazi yake kwa sentensi. Kirusi iko na kesi sita, na hiyo namba ndio hufukuza watu siku ya pili. Lakini angalia Kiswahili chako poa. Wewe unapenda: hapo wewe ni u. Nakupenda: hapo wewe ni ku. Yeye anaona: ni a. Namwona: ni m. Mtu ni huyo huyo, lakini akitoka kufanya akaenda kufanyiwa, anabadilisha nguo. Hiyo ni kesi, brathe. Tofauti ni kwamba sisi tunaingiza hizo vipande ndani ya kitenzi, Mrusi anaziacha nje zisimame peke yake.

Shika hizi basi. Anayefanya: ya ni mimi, ty ni wewe, on ni yeye mwanaume, ona ni yeye mwanamke, my ni sisi, vy ni nyinyi, oni ni wao. Kuna pia ono, ya vitu, sai iache. Vy pia unaambia mtu mmoja wa heshima: mwalimu, polisi, mathe ya rafiki yako. Ukimwita ty mzee hujui, ni kama kumwambia "niaje" chifu.

Anayefanyiwa: menya, tebya, yevo, yeyo, nas, vas, ikh. Yevo inaandikwa его, na hiyo herufi ya katikati ni g kabisa, lakini hapo inasomwa v. Usiulize. Yeyo nayo ni zawadi: inakaribia "yeye" yetu, na maana ni yeye, lakini ni dem pekee na ni wakati amefanyiwa. Ya vizhu yeyo, namwona. Kiswahili haina maneno ya yeye-dume na yeye-jike, kwa hivyo hapo ndio wengi wetu tutateleza, sio kwa kesi. Ukimwona budake Achi ukasema yeyo, umembadilisha.

Sasa ile ya tatu, yenye inachanganya karibu kila mtu: mnye, tebye, yemu, yey, nam, vam, im. Hii ni ya mtu mwenye kitu inamfikia. Unampea, unamwambia, unamletea. Cheki mahali Kiswahili na Kirusi zinaachana: nakuona, nakupigia simu. Kwetu, wewe ni ku zote mbili. Kwa Mrusi, ya kwanza ni tebya, ya pili ni tebye. Ya vizhu tebya. Ya zvonyu tebye. Utajuaje?

Angalia mkia wa kitenzi chako cha Kiswahili. "Ona" iko vile iko. "Piga" imeota mkia ikawa "pigia". Ukiona hiyo mkia ya -ia ama -ea, ile ya kufanya kitu kwa ajili ya mtu ama kumwelekezea, mara nyingi Mrusi atataka mnye. Niandikie, napishi mnye. Nipigie, pozvoni mnye. Niletee, prinesi mnye. Ninunulie, kupi mnye. Niambie, skazhi mnye. Hata nisaidie: pomogi mnye. Hiyo ya mwisho ndio naipenda sana, juu ukipitia Kiingereza hakuna kitu inakuonyesha kwamba kusaidia na kuona zinatofautiana. Kiswahili iliweka alama kitambo.

Kitenzi kikikosa mkia, kawaida ni menya. Nisubiri, podozhdi menya. Nisikilize, slushay menya. Nisamehe, prosti menya.

Si sheria ya mahakama. Nipe haina mkia, na bado ni day mnye, lakini hapo kitu inakufikia kwa mkono, kwa hivyo akili inakubali. Niamini ni ver mnye, hiyo cram tu. Na nakuchukia iko na mkia na bado ni ya nenavizhu tebya. Nakungojea vilevile inabaki tebya. Hata hivyo, ukitumia hiyo mbinu ya mkia utapata nyingi kuliko utakosa, na kwa msee wa mwezi wa kwanza hiyo ni mtaji.

Mnye iko na kazi ingine tamu. Kuna vitu Mrusi hasemi anafanya, anasema zimemjia. Mnye kholodno: baridi imenishika. Mnye skuchno: nimeboeka. Mnye nravitsya: inanipendeza. Mnye nado: inanibidi. Simama hapo kwa inanibidi. Hakuna Mswahili anasema "mimi ninabidi". Jambo ndilo linakubidi wewe, wewe umekaa tu unabidiwa. Mrusi anaona dunia hivyo hivyo. Hata miaka haina mwenyewe, inamfikia: mnye dvadtsat dva goda, niko 22. Ukisema "ya dvadtsat dva" umejiita namba, kama mathree.

Tuingie kwa pesa. Niko na doh: u menya yest dengi. Hakuna kitenzi cha kumiliki hapo. U ni kama "kwa", yest ni "kuna". Kwangu kuna pesa. Na menya imerudi, ile ile ya kufanyiwa, lakini hapa inafanya kazi ya kesi ingine, ile ya umiliki na ukosefu. Hii ndio sababu nilikwambia usiogope hiyo sita: kwa hivi viwakilishi vya watu, kesi mbili zinavaa nguo moja. Ukihesabu, "mimi" yote ni ya, menya, mnye, mnoy. Nne. Basi.

Ukosefu ndio unafaa mwisho wa mwezi. Neno ni nyet. U menya nyet deneg, sina pesa, na ukiangalia, dengi yenyewe imenyolewa ikawa deneg, juu nyet inavuta kitu yenye haiko ivae hiyo kesi. Inavuta watu pia. On doma ni "ako nyumbani". Keateka wa ploti akibisha anatafuta rent na wewe uko chini ya kitanda, ndugu yako hawezi sema "on nyet". Atasema yevo nyet. Kwa Mrusi mtu asiyekuwepo hawezi kuwa mfanyaji wa kitu yoyote, hata kutokuwepo. Imejipa.

Kesi ya "pamoja na" tunayo tayari kwa Kiswahili sanifu, tu hatuitumii sana mtaani: nami, nawe, naye, nasi, nanyi, nao. Kirusi: so mnoy, s toboy, s nim, s ney, s nami, s vami, s nimi. Sasa soma tena hiyo ya sisi. S nami. Ndio, нами inasomwa "nami", na haimaanishi nami. Inamaanisha nasi. Poydyom s nami ni "twende nasi", yaani uandamane na mbogi. Twende nami ni poydyom so mnoy. Dem akikuambia s nami ujue hamko wawili. Na hiyo nas ya Kirusi, yenye inaskika kama nasi iliyokatwa, ni sisi kweli, lakini ni "tu-" ya kufanyiwa: on vidit nas, anatuona. Lugha mbili hazijuani kabisa na zimeamua kutuchezea.

Umeona pia nim na nimi zimeota n mbele? Bila kitangulizi ni im na imi. Yevo, yemu, yeyo, ikh, zote zikitanguliwa na vile vineno vifupi vya u, s, k, zinachukua n: u nyevo, ako nayo, k nyemu, kuelekea kwake, s nimi, pamoja nao. Isipokuwa yevo ikiwa ni "yake". U nyevo ni kwake yeye, lakini kwa mamake ni u yevo mamy, bila n. Hiyo tofauti ndogo inaonyesha mtu ameanza kuelewa ama anabahatisha.

Kesi ya sita ni ya kuongelea mtu, na mahali. Obo mnye, kunihusu. O tebye, kukuhusu. O nyom, kumhusu yeye jamaa. O ney, yeye dem. O nas, o vas, o nikh. Karibu yote ushaziona juu, kwa hivyo tusipoteze bando.

Sasa rudi kwa karatasi. Chukua sentensi mbili fupi. Ya tebye dolzhen. Ty mnye dolzhen. Dolzhen ni mwenye deni, na kwa dem ni dolzhna. Ya kwanza: mimi ndio nadaiwa, wewe unanidai. Ya pili: wewe ndio unadaiwa. Kitenzi hakijakusaidia, neno la deni ni lile lile zote mbili. Na mpangilio pia hautakusaidia, juu Mrusi anaweza sema tebye ya dolzhen, ama dolzhen ya tebye, na bado deni ni yangu. Msee amezoea kwamba anayetajwa kwanza ndio mfanyaji ataona tebye mbele, adhani "wewe" ndio uko na deni. Kumbe ni yeye analipwa. Herufi mbili za mwisho ndizo zinaamua pesa inatoka mfuko gani.

Ni hivyo hata kwa lugha ya ofisi. Vy vyplachivayete: wewe unalipa. Vam vyplachivayetsya: wewe unalipwa. Vas napravlyayut: wanakutuma mahali. Hiyo vas ni ya kufanyiwa, haujaulizwa kitu.

Ukweli ni kwamba mkataba rasmi mara nyingi hausemi "wewe". Unasema mfanyakazi, работник, rabotnik. Na hilo neno linabadilika vile vile: rabotnik anafanya, rabotnika ni wa mfanyakazi ama amefanyiwa, rabotniku ni kitu inamfikia, rabotnikom ni "na" ama "kwa mkono wa" mfanyakazi. Ndio maana viwakilishi vinafaa kusomwa kwanza. Rabotniku na yemu zinaishia u zote mbili, na kazi ni moja. Ukizoea sikio kwa watu wadogo kama ya na ty, maneno makubwa yanafuata hiyo njia.

Kesi pia zinaficha maneno usiyataka. Utumishi wa kijeshi kwa kamusi ni военная служба, voyennaya sluzhba. Lakini juu ya mkataba wenyewe imeandikwa контракт о прохождении военной службы. Angalia miisho: voyennoy sluzhby. Mtu amekariri neno vile liko kwa kamusi anaweza lipita hapo kama hajalijua. Wizara ya Ulinzi ni Министерство обороны, na kwa kamusi utapata оборона. Ukiona военн- ama оборон-, miisho ikae vile inataka, hiyo sio kazi ya kuosha vyombo hotelini. Piga picha hayo maneno mawili kwa simu, hata kama hutasoma mengine.

Kama unataka mazoezi, kuna msemo mfupi wa Kirusi unaohusishwa na Lenin wenye ni maneno mawili tu: kto kovo? Hakuna kitenzi. Kto ni nani anayefanya, kovo ni nani anayefanyiwa. Yaani nani atamlaza nani. Gor ikicheza na Leopards, hiyo ni tangazo kamili ya Mashemeji Derby, inatosha ukuta mzima wa Kariobangi. Badilisha neno la pili iwe kto komu, na sasa ni nani kwa nani: nani anamlipa nani, nani anamwambia nani, nani anampigia nani. S kem ni na nani. O kom ni kuhusu nani. Na ukiziangalia vizuri utaona kovo imefanana na yevo, komu na yemu, kom na nyom, kwa hivyo ukishika tano hizo umeshika nusu ya zile zingine. Anza nazo kwa mat ya 58 ukienda tao: kila mtu akifungua mdomo, jiulize kto, kovo, komu. Konda akisema "nipe fare", komu ni yeye. Mnye.